Kinyozi Aliyemtafutia Mkewe Wauguzi

Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tunamwita Taratibu, na jina hilo amelitolea jasho. Ukikaa kwenye kiti chake cha kunyolea, jua umekaa. Atakufunga shuka shingoni, atakizunguka kichwa chako kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kuinunua, ndipo aushike mkasi. Wenye haraka zao walikwenda kwa kinyozi wa barabara ya pili. Waliotaka kutoka wakiwa nadhifu walikuja kwake, wakasubiri.

Mimi nauza vitambaa katika duka linalopakana na saluni yake. Tumegawana ukuta mmoja miaka mingi, kwa hiyo haya ninayosimulia mengine niliyaona mwenyewe, na mengine alinieleza yeye, kidogo kidogo, maana hata maneno huyatoa taratibu.

Maneno yalikuwa kazi ya mkewe. Huyo tulimwita Redio, naye hakukasirika. Alisema afadhali redio kuliko kabati. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango wa saluni, akipokea pesa, akitoa chenji na habari kwa wakati mmoja. Alijua nani anahama, nani kaposwa, nani kapandishwa cheo na nani anajifanya kapandishwa. Mteja akianza kuchoshwa na mwendo wa mkasi, Redio alimfungulia kisa, na kisa kikimalizika nywele nazo zimekwisha. Siku moja nilimuuliza Taratibu mbona haongei. Akanijibu kwamba zamu yake haijafika, na mkewe akacheka mpaka akashika ubavu.

Basi asubuhi moja Redio alikuwa anamsimulia mteja habari za mpangaji aliyegombana na mwenye nyumba wake. Katikati ya habari, maneno yakaanza kumponyoka. Alitaka kusema "mpangaji" akasema "mlango." Akacheka, akarudia, akakosea tena. Mteja naye akacheka, akidhani ni mzaha wake wa kawaida. Taratibu ndiye aliyegeuka akaona mdomo wa mkewe umekwenda upande. Mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia alitupa mkasi chini, akamnyanyua mkewe mikononi, akaingia naye barabarani na kulisimamisha gari la kwanza lililokuja. Nusura limgonge. Dereva alikuwa amefungua kinywa atukane, alipomwona mgonjwa mikononi mwa Taratibu akafungua mlango.

Kilikuwa kiharusi. Hospitali waliuokoa uhai wake, na kwa hilo Taratibu hajaacha kuwashukuru. Lakini yule waliyemrudishia hakuwa yule aliyempeleka. Upande wa kulia ulikuwa umelala, mkono na mguu. Sauti haikutoka. Hata kumeza hakuweza. Walimpitishia mrija puani mpaka tumboni, chakula chake kikawa cha maji kinachopimwa na kumiminwa. Macho tu ndiyo yalibaki yake, na yalimfuata kila aliyeingia chumbani.

Wiki zilipopita, daktari akamwita Taratibu pembeni. Akamweleza kwamba hospitali imemaliza sehemu yake, na sasa mgonjwa anahitaji uuguzi wa kitaalamu kwa muda mrefu. Alifafanua vizuri: watu waliosomea kumgeuza asiote vidonda vya kulalia, kumlisha kwa mrija bila kumdhuru, kufuatilia presha yake, kulifundisha koo kumeza upya na mguu kukanyaga upya. Anaweza kupata hayo katika nyumba ya wauguzi, au nyumbani kwake ikiwa familia itamleta muuguzi. Bila hayo, daktari alisema, atabaki alivyo, au atarudi nyuma.

Familia ilichagua nyumbani, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Muuguzi alikuja asubuhi kwa saa chache, na saa zilizobaki zikawa za dada yake Redio, mjane aliyekuwa anaishi jirani. Huyu ni shemeji yake Taratibu, na nitamwita hivyo, Shemeji. Moyo wake kwa dada yake hauna mfano. Alihamia pale na mto wake. Alimwosha, alimpaka mafuta, alimwimbia. Lakini ule mrija haukumwingia akilini. Kila alipouona aliona dada yake ananyimwa chakula. Mchana mmoja, muuguzi ameshaondoka, akapika supu laini, akaipoza, akamwekea dada yake kijiko mdomoni, kisha cha pili. Redio hakukohoa hata kidogo, na Shemeji akafurahi. Kumbe supu ilikuwa imeshuka njia ya hewa. Siku iliyofuata mgonjwa alikuwa anawaka homa, kifua kinakoroma, wakarudi hospitali mbio.

Hakuna aliyemlaumu Shemeji. Taratibu alilikataza jambo hilo mapema, kabla halijapata mtu wa kulianza. Alimwambia yeye mwenyewe kwamba mkono uliokosea ni mkono uliokuwepo, na kwamba kosa ni lake aliyemwachia mtu kazi ambayo hakufundishwa. Shemeji alilia, lakini aliendelea kulala palepale kwenye benchi la hospitali.

Redio alipopata nafuu ya kifua, kikakaliwa kikao cha familia nyumbani kwao, mimi nikiwa jirani wa kuandaa chai. Alikuwepo binti yao, mpima ardhi, ndiyo kwanza alikuwa amepewa kikosi chake cha kuongoza. Kijana wao, fundi umeme anayeishi mji mwingine na mkewe, alikuwa kwenye simu iliyowekwa mezani katikati ya vikombe. Na Shemeji.

Taratibu alisema anataka kutafuta nyumba ya wauguzi. Shemeji ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwa wengi.

"Shemeji, dada yangu ana mume, ana watoto, ana mimi. Tutaonekanaje tukimpeleka akalelewe na wasiomjua?"

Binti akadakia kwamba basi ataacha kazi arudi nyumbani. Alikwisha kuliwaza, akasema, na yuko tayari. Simu ikatulia mezani. Nadhani kaka yake alikuwa anaona aibu na nafuu kwa pamoja.

Taratibu alimtazama binti yake kwa muda mrefu, jinsi anavyowatazama watu kwenye kioo.

"Huachi," alisema. "Mama yako ana binti mmoja tu. Wauguzi wako wengi, na wamesomea. Nikikufanya wewe muuguzi wake, atapata muuguzi asiyejua kazi, na binti atakuwa hana. Mimi nataka abaki naye."

Kisha akamgeukia Shemeji, akamwambia kwa upole kwamba kuonekana wataonekana vyovyote vile, na hilo ameshaliweka begani. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo kwa pumzi moja.

Alianza kutafuta siku za Jumatatu, kwa kuwa saluni hufungwa. Aliniomba tufuatane. Alidai kwamba yeye ataangalia na mimi niulize, kwa sababu kuuliza hakuzoea. Nikajifunga vizuri, nikajiandaa na maswali yangu, na karibu yote nilirudi nayo, maana tulipofika huko yeye ndiye aliyeuliza.

Nyumba ya kwanza ilikuwa inapendeza sana. Bustani imekatwa vizuri, ukumbini kuna tangi la kioo lenye samaki wa rangi, mapazia hayana hata mkunjo. Meneja alitupokea kwa bashasha na juisi baridi. Aliyapanga maneno yake kama mtu anayekunja nguo zilizopigwa pasi. Nilivutiwa, sikatai, nilikuwa nimeshaanza kumwona Redio amekaa pale bustanini. Taratibu akamwuliza swali moja: mara ya mwisho jambo kuharibika hapa ilikuwa lini, na mlifanya nini?

Meneja akatabasamu. "Hapa hapajawahi kuharibika kitu, mzee."

Taratibu akaitikia kwa kichwa. Akaomba kama anaweza kuwanyoa wagonjwa wachache, bila malipo, vyombo anavyo kwenye mkoba. Meneja akaona ni jambo zuri, akaita mpiga picha wao. Wakaletwa wazee watatu kwa viti vya magurudumu. Nikamwona Taratibu anafanya kazi yake kama kawaida, polepole, akipitisha vidole nyuma ya masikio, kwenye kisogo, chini ya kola. Kwa mzee wa pili mkono wake ukasimama. Nywele za kisogoni zilikuwa zimeshikamana, na chini yake kulikuwa na kidonda, cha kichwa kilicholazwa upande mmoja siku nyingi bila kugeuzwa. Aliomba maji ya vuguvugu na pamba, akakisafisha pole pole, akamwonyesha meneja kwa sauti ya chini, asimwaibishe mbele ya mpiga picha. Meneja alishukuru, akasema wanalo kwenye ratiba. Njiani kurudi Taratibu hakusema lolote kuhusu samaki wala bustani. Alisema tu kwamba yule mzee ana nywele nzuri, za mtu aliyejitunza.

Nyumba ya pili ilikuwa ya bei ambayo Taratibu angeiweza bila kuuza hata kiti. Wauguzi wake walikuwa wazuri, tena wazuri kweli, na vichwa vyote alivyonyoa vilikuwa safi. Nikamwambia, haya, tumefika. Akasema tungoje. Akarudi peke yake Jumapili bila kuaga mtu. Alimkuta muuguzi mmoja tu anapanda na kushuka ngazi, ghorofa zote mbili ni zake, kengele zinalia huku na huku. Alipomuuliza, yule dada hakumficha. Alimwambia kwamba mwisho wa wiki huwa hivyo, na kwamba yeye angekuwa na mama yake mgonjwa asingemleta hapo mpaka waajiri wengine. Taratibu alimsaidia kubeba maji mpaka zamu ilipoisha. Aliporudi alimsifu muuguzi huyo kwangu kuliko alivyomsifu mtu yeyote mwaka ule. Lakini mkewe hakumpeleka huko, ingawa ile bei ilimng'ang'ania kichwani siku nyingi.

Ya tatu ilikuwa upande wa pili wa mji, jengo la zamani ambalo zamani lilikuwa nyumba ya wageni. Rangi ya nje imebanduka, geti linalalamika. Ndani kunanukia sabuni na nguo zilizokauka juani. Matroni wake, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, hakutupa juisi. Alitukalisha jikoni kwa kuwa ofisi yake ilikuwa na mgonjwa anayefanyiwa mazoezi, akaanza kutuhoji yeye. Mgonjwa hupenda kuitwaje? Hulalia ubavu gani? Ni mtu wa kuamka mapema au wa kuchelewa? Alikuwa anafanya kazi gani kwa mikono yake? Akikasirika hufanyaje? Taratibu alijibu yote. Alipofika kwenye kazi ya mkewe alisema, "Anaongea," kisha akashindwa kuendelea, na matroni akamwacha akae bila kumharakisha.

Lile swali lake aliliuliza hapo pia. Matroni akajibu mara moja. Miezi miwili nyuma mgonjwa alianguka akitoka msalani na kuvunjika mkono. Muuguzi alikuwa amekwenda kuchukua taulo. Walimpeleka hospitali, wakawaita watoto wake wakawaeleza ukweli, na tangu siku hiyo taulo zinakaa msalani, si stoo. Alieleza bila kujitetea na bila kujipiga kifua.

Tukaingia vyumbani. Muuguzi kijana alikuwa anamgeuza bibi mmoja asiyefumbua macho wala kutikisika. Kabla ya kumgusa alimwinamia akamwambia, "Bibi, sasa nakugeuzia upande wa dirisha. Mkono wangu ni wa baridi kidogo, nisamehe." Hakujua kama tunamwangalia. Taratibu alisimama mlangoni mpaka bibi akageuzwa, shuka ikanyooshwa na mto ukawekwa katikati ya magoti. Siku hiyo hakutoa mkasi kwenye mkoba. Aliuliza bei.

Bei ndiyo iliyotukalisha chini. Mwezi mmoja pale ulikuwa mkubwa kuliko mwezi na nusu wa saluni yake. Bima yao ya afya ilikuwa imebeba hospitali, lakini kwa upande huu ingelipia mtaalamu wa mazoezi tu, tena kwa muda. Kitanda, chakula na wauguzi ni juu ya familia. Taratibu akarudi kwa watoto wake na neno moja. Aliwaambia kila mmoja ataje anachoweza kutoa kila mwezi bila kugombana nyumbani kwake. "Sitaki pesa ya kunifurahisha mwezi wa kwanza," alisema. "Nataka ile ambayo hata mwezi ukiwa mbaya itakuja." Binti akataja kiasi chake. Kijana wake, kwenye simu, akataja kikubwa, kisha akapunguza, akaomba radhi. Baba yake alimwambia kwamba kile cha pili ndicho alichokuwa anakisubiri, na kijana, aliniambia baadaye dada yake, alikata simu akalia.

Bado palikuwa na pengo. Pengo hilo Taratibu alilijaza kwa nyumba. Waliijenga yeye na Redio kwa miaka, chumba baada ya chumba. Vigae vya sakafu alivichagua Redio mwenyewe, akamrudisha muuzaji mara mbili kwa sababu ya rangi. Aliipangisha kwa mwalimu na familia yake, yeye akahamia chumba cha nyuma ya saluni, kilichokuwa cha kuwekea ndoo na viti vibovu. Watu walisema. Wapo waliosema mzee kafilisika, wapo waliosema kamtupa mke kisha katupa na nyumba. Mimi nilimletea pesa kwenye bahasha, akanirudishia, akaniomba badala yake nimwangalizie sanduku la pesa la saluni siku atakazochelewa kutoka kumwona mkewe. Hilo nilikubali, na nawaambia wazi, kumkalia Redio stuli yake si kazi nyepesi. Wateja walinisikiliza nusu dakika wakaomba gazeti.

Kuhusu kunyoa, alimfuata matroni akasema angependa kuwanyoa wagonjwa wake kila Jumatatu, akitumaini atapata kipunguzo. Alikuwa amelipanga kama ombi. Matroni akamwambia kwamba kinyozi wanamlipa kila mwezi na hawamfurahii, kwa hiyo hamfanyii mtu hisani. "Kazi yako ina bei yake, nami nitaikata kwenye hesabu ya mkeo," alisema. "Ukinyoa vibaya nitakuondoa kama nitakavyomwondoa huyu." Taratibu alirudi amenyooka mgongo.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko pesa. Alikaa kando ya kitanda cha hospitali akamweleza mkewe kila kitu: nyumba tatu alizoziona, mzee mwenye kidonda, yule muuguzi wa Jumapili, matroni, bei, wapangaji. Hakumficha hata vigae. Alimwomba, kama anakubali, amfinye kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Redio hakumfinya. Akageuza uso akatazama ukuta. Kesho yake akamweleza tena, mkono ukakaa vilevile. Siku ya tatu aliuvuta mkono wake akauficha chini ya shuka.

"Basi hili nalibeba mimi," Taratibu alimwambia. "Ukipona utanigombeza, na nitakaa nisikilize mpaka umalize."

Wakampeleka.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya majaribu. Redio alimgeuzia kila mtu kisogo, hata mumewe. Taratibu alikuwa anafunga saluni mapema, anapanda basi mbili, anakaa kando ya kitanda mpaka muda wa wageni uishe, na mke haonyeshi hata kama ameona kuna mtu. Aliniambia siku moja, akiwa anafagia nywele, kwamba huenda amekosea, na kwamba kama amekosea hajui atalirekebishaje, kwa sababu nywele ukizikata vibaya huota tena, lakini hili halioti. Nilimsaidia kuzoa.

Lakini mwili wa Redio ulikuwa unafanya kazi hata moyo ukiwa umegoma. Hakuota kidonda hata kimoja. Mtaalamu wa kumeza alianza na kipande cha barafu kidogo ulimini, akaja na kijiko cha uji mzito, akawa anasubiri, anahesabu, anagusa koo. Na huyo aliyekuwa amekaa pembeni akitazama kila kijiko ni nani? Shemeji. Alikuwa ameapa hatakanyaga pale. Kisha alikuja mara moja kuwachunguza, akitafuta kosa, akamkuta yule muuguzi kijana anamsafisha dada yake kinywa na kumwambia kila anachofanya. Alirudi wiki iliyofuata, akamfuata matroni jikoni, akamwomba amfundishe. Matroni hakumwuliza kwa nini. Alimfundisha kumkalisha mgonjwa wima, kidevu chini, kijiko kidogo, na kutoongeza mpaka aone koo limepanda na kushuka. Shemeji alifanya mazoezi kwa kumlisha Taratibu mwenyewe, wakicheka wote wawili, naye Redio anawaangalia kwa jicho la pembeni. Shemeji anadai lile jicho lilikuwa linacheka.

Mrija ukatolewa. Baada ya mrija, mguu: kwanza kukaa ukingoni mwa kitanda, kisha kusimama kati ya watu wawili. Sauti ndiyo iliyochelewa. Alikuwa anatoa mlio, na kwa mtu aliyezoea kumwaga maneno, mlio ule ulimtia hasira kuliko ukimya.

Jumatatu moja Taratibu alikuwa ananyoa ukumbini, mkewe kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango. Aliyekuwa ananyolewa ni jaji mstaafu, mzee mwenye heshima zake. Alipomaliza, akajitazama kwenye kioo, akashukuru, muuguzi akaanza kumsukuma kutoka. Alipopita mbele ya Redio, Redio akanyoosha mkono wa kushoto akakishika kiti. Kisha, kwa sauti nzito ya mtu anayevuta kamba ndefu kutoka kisimani, akasema:

"Ha-ja-lipa."

Halafu jaji akacheka, muuguzi akacheka, matroni akatoka jikoni akiuliza kuna nini. Jaji alipekua mifuko ya gauni lake la hospitali, akaapa kwamba atatuma pesa. Taratibu hakucheka. Alikuwa ameshika mkasi kwa mikono miwili, machozi yanamshuka mpaka kwenye aproni, na mkewe anamtazama kama anayeuliza, huyu naye ana nini?

Kuanzia hapo maneno yalirudi moja moja, mengine yamebadilishana viti, lakini yalirudi. Na alipoweza kuunga sentensi, ile ya kwanza ndefu ilikuwa juu ya nyumba: ni nani anakanyaga vigae vyake? Alimgombeza mumewe kwa siku kadhaa, kwa awamu, kwa sababu pumzi ilikuwa fupi. Taratibu alikaa akasikiliza mpaka akamaliza, kama alivyoahidi. Mwishoni Redio akamwuliza, "Na wewe ulikuwa unalala wapi?" Akamwambia. Hapo akamshika mkono, wa kushoto, akaufinya.

Alikaa pale mwaka na ushei. Siku matroni aliposema kwamba sasa Redio hahitaji uuguzi wa usiku na mchana, kwamba muuguzi wa kumtembelea mara mbili kwa wiki atatosha, safari hii aliulizwa yeye, na aliweza kujibu. Alisema mwalimu na watoto wake wasifukuzwe. Kodi yao ndiyo itakayomlipa huyo muuguzi. Wakapanga vyumba viwili vya chini karibu na saluni, vyenye mlango mpana. Binti yao aliupima ule mlango kwa kamba zake za kazini kabla hawajalipa, akatengeneza na mteremko wa kupitisha kiti. Kikosi chake bado anakiongoza.

Redio hajarudi kuwa kama zamani, na Taratibu hapendi mtu amwambie mkewe kwamba amerudi kama zamani. Mkono wa kulia bado umelala. Anatembea kwa mkongojo kutoka kitandani hadi mezani, akichoka anakaa, akikosea neno anatukana kidogo kisha analitafuta lingine. Shemeji yuko naye mchana, na akiandaa chakula hapeleki kijiko bila kumwona amemeza, ingawa sasa dada yake anajilisha mwenyewe na amemwambia mara nyingi aache kumtumbulia macho.

Na Jumatatu Taratibu bado anabeba mkoba wake na kupanda basi mbili kwenda upande wa pili wa mji. Siku hizi matroni humlipa mkononi. Nilimuuliza kwa nini anaendelea kujichosha, wakati mkewe ameshatoka na siku hiyo angepumzika. Alifikiri, kama kawaida yake, mpaka nikadhani amesahau swali.

"Dada, wale watu nywele zao bado zinaota," alisema, akafunga zipu ya mkoba, akaenda zake kituoni.